Maswali ya Wabunge wa Ireland Kuhusu Nyumba, Benki na Huduma za Umma: Dhana Potofu na Ukweli

Kila wiki ambayo Dáil, yaani baraza la chini la Bunge la Ireland, inakaa mjini Dublin, mawaziri hupelekewa mamia ya maswali. Mbunge mmoja anataka kujua ni familia ngapi zimo katika makazi ya dharura mkoani kwake, mwingine anahoji riba inayotozwa na benki ambayo serikali ina hisa ndani yake, na wa tatu anauliza kwa nini mgonjwa wa jimboni mwake bado hajafanyiwa upasuaji wa nyonga. Kwa mwaka mzima hesabu hufika makumi ya maelfu. Wengi wanaofuatilia siasa za nchi hiyo, wawe ng'ambo au wawe raia wake, huyasoma majibu ya maswali hayo kama kauli zilizokamilika, ilhali kila jibu lina mipaka iliyowekwa na sheria, na wadhifa wa waziri, na jinsi dola inavyohesabu mambo yake.

Dhana: Swali lenye uzito ni lile linaloulizwa mbele ya kamera.

Kinachoonyeshwa kwenye televisheni ni sehemu ndogo ya kazi. Katika maswali ya mdomo waziri hupewa dakika 2 za kujibu swali la msingi, yanafuata maswali ya nyongeza yenye muda mfupi zaidi, kisha Spika, ambaye kwa Kiayalandi huitwa Ceann Comhairle, anaendelea na swali jingine. Mawaziri huja kwa zamu na mpangilio wa maswali hupangwa kwa kura ya bahati nasibu, kwa hiyo mbunge aliyekosa nafasi leo atangoja wiki kadhaa kabla ya kumpata waziri yuleyule tena. Idadi kubwa mno ya maswali hujibiwa kwa maandishi, bila makofi wala kelele, na jibu huingia katika kumbukumbu rasmi likiwa na namba yake. Kumbukumbu hizo zinaanzia kikao cha kwanza cha tarehe 21 Januari 1919 na ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, hivyo mwandishi wa habari anaweza kuliweka jibu la leo kando ya lile la miaka mitatu iliyopita na kuona ni sentensi gani imeondolewa.

Vilevile si kweli kwamba maswali ni silaha ya upinzani peke yake. Tangu uchaguzi wa Novemba 2024 Dáil ina wabunge 174 kutoka majimbo 43, na kila jimbo lina viti 3, 4 au 5 vinavyogawanywa kwa mfumo wa uwiano, jambo linalomfanya mbunge wa chama tawala ashindane hata na mwenzake wa chama hichohicho. Ndiyo maana maswali mengi yanahusu mtu mmoja: pensheni iliyochelewa, ruzuku ya kukarabati nyumba ya mlemavu, maombi ya pasipoti. Jina la mwananchi haliandikwi; huelezwa tu kwamba taarifa zake zimewasilishwa kwa waziri. Wapo wanaokejeli kwamba hiyo ni kazi ya diwani. Kejeli hiyo ina ukweli wa nusu tu, kwa sababu maswali mengi ya aina moja yanayotoka majimbo tofauti mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba ofisi fulani imekwama.

Dhana: Waziri akitaja takwimu Bungeni, takwimu hiyo ni sahihi.

Hapa ndipo suala la nyumba linapofundisha zaidi. Kwa miaka mingi, waziri alipoulizwa ni nyumba ngapi mpya zimekamilika, jibu lilitokana na idadi ya majengo yaliyounganishiwa umeme na ESB, shirika la umeme la nchi hiyo. Kipimo hicho hakikuwa cha kijinga kilipoanza kutumika, kwani katika miaka ya neema kabla ya 2008 ujenzi ulikuwa mwingi kiasi kwamba karibu kila mita mpya ya umeme ilikuwa imefungwa kwenye nyumba mpya. Baada ya mporomoko wa 2008 hali iligeuka. Nchi ilibaki na mitaa mizima ya nyumba zilizotelekezwa kabla ya kumalizika, na nyumba iliyosimamishwa mwaka 2007 ikaja kuunganishiwa umeme mwaka 2015 ilihesabiwa kuwa ya 2015. Nyumba iliyokaa tupu zaidi ya miaka 2 na kurudishiwa umeme nayo ilihesabiwa kuwa mpya, na hata baadhi ya majengo yasiyo makazi, kama vile ya mashambani, yaliingia kwenye hesabu.

Wabunge wa upinzani na wataalamu wa ujenzi walikuwa wamekwisha kuanza kuhoji hesabu hizo wakati Ofisi Kuu ya Takwimu ilipotoa mfululizo wake mpya mwezi Juni 2018. Mwaka 2017, ambao kwa kipimo cha ESB ulikuwa na nyumba zaidi ya 19,000, ulionekana kuwa na takriban 14,400 tu. Majibu ya miaka yote iliyotangulia yalikuwa yametolewa kwa nia njema, yalikuwa rasmi, yalikuwa yamechapishwa, na yalikuwa na kasoro kubwa. Hata sasa pengo kati ya kauli na hesabu halijazibwa: kabla ya uchaguzi wa 2024 mawaziri waliwaambia wapiga kura kwamba nyumba za mwaka huo zingekaribia 40,000, lakini hesabu iliyotolewa mwezi Januari 2025 ilikuwa 30,330.

Idadi ya wasio na makazi inahitaji uangalifu huohuo. Ripoti ya kila mwezi ya Wizara ya Nyumba ilivuka watu 10,000 mwaka 2019 na watu 15,000 mwanzoni mwa 2025. Ripoti hiyo, hata hivyo, inawahesabu tu waliomo katika makazi ya dharura yanayogharamiwa na dola kupitia mfuko wa watu wasio na makazi. Anayelala kando ya mfereji mjini Dublin hayumo. Mwanamke aliyekimbilia hifadhi kwa sababu ya ukatili wa nyumbani hayumo, wala waomba hifadhi wa kisiasa walio katika vituo vyao, wala mtu mzima anayelala kwenye kochi sebuleni kwa dada yake. Kwa hiyo mbunge mzoefu haulizi kwa jumla ni watu wangapi hawana makazi; huuliza ni kundi gani limehesabiwa, na nani, na kwa mwezi upi, kwa kuwa swali pana hupewa jibu pana.

Dhana: Waziri wa Nyumba ndiye anayegawa nyumba, na Waziri wa Afya ndiye anayepanga foleni za hospitali.

Nyumba za umma hugawiwa na serikali za mitaa, ambazo ni 31, na waziri hawezi kisheria kuingilia uamuzi kuhusu familia moja. Uendeshaji wa huduma za afya ulikabidhiwa kwa HSE, taasisi iliyoanza kazi mwaka 2005, na swali kuhusu mgonjwa fulani hupelekwa huko ili mbunge ajibiwe moja kwa moja. Spika anaweza kulikataa kabisa swali lisilohusu wajibu rasmi wa waziri. Mwananchi anayesoma jibu la namna hiyo huona amezungushwa, na mara nyingine ni kweli amezungushwa, lakini mara nyingi swali lilipelekwa kwa mtu asiye na mamlaka juu ya jambo lenyewe.

Dhana: Serikali ikiimiliki benki, waziri anaweza kuiamuru.

Mwishoni mwa Septemba 2008 serikali ya Ireland ilitoa dhamana kwa benki zake kubwa, na katika miaka iliyofuata iliingiza ndani yake takriban euro bilioni 64. Anglo Irish Bank ilitaifishwa Januari 2009, na benki ya AIB nayo ikawa karibu yote mali ya umma. Ilikuwa kawaida basi kwa mbunge kuuliza: benki hii ni yetu, kwa nini inawatoza wananchi wetu riba ya juu kuliko wanayotozwa majirani zetu wa Ulaya? Jibu lilifanana kila mara. Waziri wa Fedha alieleza kwamba kwa mujibu wa mkataba wa uhusiano kati yake na benki, maamuzi ya kibiashara ni ya bodi, na kwamba usimamizi ni wa Benki Kuu, ambayo ni huru. Jibu hilo lilikera, lakini lilikuwa na msingi, maana kuziendesha benki hizo kibiashara, bila waziri kuingilia mikopo ya mtu mmoja mmoja, kulikuwa sehemu ya masharti ya kuziokoa.

Kutokuwa na amri si sawa na kutokuwa na nguvu. Benki kadhaa zilikuwa zimewanyima wateja mikopo ya nyumba ya aina ambayo riba yake hufuata kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, ingawa walikuwa na haki nayo, na baadhi yao walipoteza nyumba zao. Benki Kuu ya Ireland ilianza uchunguzi mpana mwezi Desemba 2015, lakini benki zilijivuta. Wabunge kama Pearse Doherty wa chama cha Sinn Féin na Michael McGrath wa chama cha Fianna Fáil waliendelea kubana, na mwezi Oktoba 2017 wateja wenyewe walitoa ushahidi mbele ya Kamati ya Fedha ya Bunge. Ripoti ya mwisho ya Julai 2019 ilionyesha akaunti zilizoathirika zilikuwa takriban 40,000 na malipo yalikuwa yamepita euro milioni 680. Mwaka 2022 AIB ilitozwa faini ya zaidi ya euro milioni 80 wakati dola ingali mwenye hisa mkubwa, hivyo sehemu kubwa ya faini hiyo ilitoka katika mali ya umma wenyewe. Hisa za mwisho za AIB zilizokuwa mikononi mwa serikali ziliuzwa Juni 2025.

Dhana: Mbunge akipewa jibu lisilotosha, hana pengine pa kwenda.

Catherine Murphy, aliyekuwa mbunge huru wa Kildare North, alimuuliza Waziri wa Fedha mara kwa mara kuhusu kuuzwa kwa kampuni ya Siteserv mwaka 2012 kwa takriban euro milioni 45, mauzo yaliyoifanya benki iliyokuwa Anglo isamehe deni la zaidi ya euro milioni 100. Majibu ya Bungeni hayakuonyesha kwamba maofisa wa wizara walikuwa na wasiwasi wao. Hilo lilijulikana Aprili 2015, baada ya yeye kuzipata nyaraka kupitia sheria ya uhuru wa habari. Tarehe 28 Mei 2015 alizungumza Bungeni kuhusu mikopo ya mfanyabiashara mmoja tajiri, mambo ambayo zuio la mahakama lilikuwa likiwazuia watangazaji kuyataja. Vyombo vya habari vilisita kwa siku kadhaa, hadi Mahakama Kuu ilipofafanua kwamba zuio hilo halikuyagusa maneno yaliyosemwa Bungeni, ambayo Ibara ya 15 ya Katiba inayalinda. Tume ya uchunguzi, ambayo baadaye iliongozwa na Jaji Brian Cregan, iliundwa Juni 2015, na ripoti yake ya 2022 ilisema benki iliidhinisha mauzo hayo ikiwa imepewa taarifa pungufu na za kupotosha.

Dhana: Waziri anayetoa jibu pungufu huondolewa mara moja.

Hakuna mahakama inayomhukumu waziri kwa jibu la Bungeni. Anayemhukumu ni Dáil yenyewe, kwa kuhesabu kura. Septemba 2018 mbunge Barry Cowen aliuliza kuhusu gharama za hospitali mpya ya taifa ya watoto. Waziri wa Afya wa wakati huo, Simon Harris, alikuwa amekwisha kuarifiwa kwamba gharama zinapanda, lakini jibu lake halikulisema hilo. Gharama za ujenzi, zilizoidhinishwa mwaka 2017 kwa euro milioni 983, zilikuwa zimefika bilioni 1.43 mwishoni mwa 2018. Februari 2019 Harris aliomba radhi Bungeni, kisha akaponea katika kura ya kutokuwa na imani kwa sababu Fianna Fáil, waliokuwa na makubaliano ya kuiacha serikali iendelee, hawakupiga kura. Aprili 2024 akawa Waziri Mkuu, huku makadirio ya jumla ya hospitali hiyo yakiwa yamefikia euro bilioni 2.24 na ikiwa bado haijampokea mgonjwa hata mmoja.