Aina ya mbwa wako tumeisikia, sasa kadi ya chanjo iko wapi?

Kila ikikaribia tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, foleni ya chanjo kwetu inarefuka na majibu tunayopewa ni yaleyale. Mtu anaingia, mbwa kamfunga kamba shingoni, namuuliza huyu ana umri gani, ananiambia "huyu German Shepherd daktari, pyua kabisa." Haya, amechanjwa lini? "Baba yake alikuwa mbwa wa polisi." Hongera kwa baba yake, ila baba hamrithishi mtoto chanjo. Mwenye cha kumpa ni mama, kupitia maziwa ya kwanza kabisa, na hiyo kinga nayo inaisha ndani ya wiki chache tu.

Malalamiko ya watu kuumwa na mbwa yameongezeka, ndiyo maana nimetakiwa niandike haya. Mimi ni mtaalamu wa afya ya wanyama, siyo hakimu, kwa hiyo nikigusa mambo ya sheria chukueni kama maelezo ya jumla, mamlaka ya mifugo ya pale unapoishi ndiyo yenye neno la mwisho. Maji na chakula sitavigusa sana maana naamini mtu aliyeamua kufuga anajua mbwa anakula na kunywa.

Tuanze na hizo aina maana ndizo mnazozipenda. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linatambua aina zaidi ya 350, na zote hizo ni mnyama mmoja, wanazaliana bila shida, tofauti yao kubwa ni kazi ambayo binadamu alikuwa anaitaka. German Shepherd aliandikishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 na afisa wa jeshi anaitwa Max von Stephanitz, alikuwa anataka mbwa wa kuchunga kondoo, anayetembea kutwa nzima huku akili inafanya kazi. Sasa mbwa wa namna hiyo unamfunga mnyororo wa mita moja asubuhi mpaka usiku halafu unakuja kulalamika anachimba mashimo, anabweka ovyo, anakimbiza baiskeli. Hajaharibika huyo, anatafuta kazi na hujampa. Rottweiler naye jina lake limetoka mji wa Rottweil huko Ujerumani, alikuwa anaswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji, yaani mbwa wa mzigo, mwenye nguvu, asiyependa kuyumbishwa, ukimlea bila kumzoesha watu tangu mdogo utapata shida akishafika kilo 50. Na kumfungia gizani "ili awe mkali" hakumfanyi mlinzi, kunamfanya mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma bila kutoa onyo.

Basenji, yule wa asili ya misitu ya Kongo, nimeshaletewa kama mgonjwa wa koo. Mwenyewe anasema mbwa wake habweki tangu amnunue, eti labda kameza kitu. Nikamwinua kichwa, nikamfungua mdomo, koo safi kabisa, nikiwa bado nimemshika taya akatoa ule mlio wake wa kuimba mrefu, mwenye mbwa akaruka nyuma. Ndivyo walivyo, wana sauti lakini hawabweki kama wengine, na majike yao kwa kawaida hupata joto (kuwa tayari kupandwa) mara moja kwa mwaka wakati mbwa wengi hupata karibu mara mbili. Haya ni mambo ya kuuliza kabla hujatoa hela, siyo baada.

Wenye pua fupi, Pug, Bulldog na jamaa zao, hao naomba niwe mkali kidogo. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, sasa ukimfupisha pua mpaka njia ya hewa ikabanwa, ukamtembeza saa saba mchana au ukamwacha kwenye gari lililofungwa "dakika tano tu", anaweza kufa. Utaona ulimi umevimba pembeni, umegeuka kuwa zambarau, mate mazito yananing'inia, miguu ya nyuma inalegea. Mwondoe juani, mloweshe kwa maji ya baridi ya kawaida, mpepee, mkimbize kwa daktari. Usimmiminie maji mdomoni huku anatapatapa, yataenda kwenye mapafu. Na ule mkoromo wake mnaouona mzuri ni mnyama anayehangaika kuvuta pumzi, basi.

Collie je. Kuna tabia ya kuchukua sindano ya ivermectin, dawa ya minyoo na wadudu, ya ng'ombe iliyobaki ukampiga mbwa kwa kukadiria kwa macho ili kupe waishe. Collie na baadhi ya mbwa wa kuchunga wana hitilafu ya kurithi kwenye jeni inayoitwa MDR1, dawa inapita mpaka kwenye ubongo, mbwa anayumba, anapofuka, anazimia. Hata asiye Collie kipimo cha ng'ombe siyo kipimo chake. Na paracetamol ya kwenu msimpe, hata mbwa awe na homa, na kusema ukweli wengi hawajui hata homa ya mbwa inaanzia wapi, nyuzi 38 na nusu kwake ni kawaida, kwako wewe ni ugonjwa. Chokoleti, zabibu na vitunguu pia ni sumu kwake.

Wale ambao hawana jina la aina, mnaowaita koko, wengi wana miili imara, hilo sikatai. Ila ile imani kwamba "koko haumwi" imetuchosha. Kirusi cha kichaa hakiulizi ukoo. Hadi asilimia 99 ya binadamu wanaopata kichaa cha mbwa wamekipata kutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Wataalamu wanasema angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa mnyororo wa maambukizi unakatika, hao 70 hawatoki kwenye majumba yenye mageti peke yake. Na yule anayesema "wangu hatoki nje", je geti likiachwa wazi siku moja? Popo akiingia ndani? Mbwa wa jirani akipenya chini ya uzio?

Watoto wa mbwa wana ratiba yao. Minyoo inaanza kushughulikiwa wakiwa na wiki mbili, maana mingine wanaipata kwa mama hata kabla hawajazaliwa. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Watu wanaona kurudia ni kutafutiana hela. Siyo hivyo, ile kinga ya maziwa ya mama ikiwa bado ipo mwilini inaifuta chanjo, na hatujui kwa kila mtoto inaisha siku gani, kwa hiyo tunarudia mpaka tuwe na uhakika. Ya kichaa inafuata akiwa na miezi 3, inarudiwa baada ya mwaka, halafu kulingana na chanjo iliyotumika. Parvo inakaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo kama mbwa wako amekufa kwa kuharisha damu usilete mtoto mwingine wiki inayofuata kwenye banda lilelile, na sabuni ya kawaida haitoshi, tumia dawa ya klorini.

Sasa kadi, hapa msikimbie. Kadi iliyokamilika ina jina la mwenye mbwa na anwani, jinsia ya mbwa, rangi na alama zake, tarehe ya kuzaliwa hata ya kukadiria, namba ya maikrochipu, kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, kama anayo (inakuwa na tarakimu 15, zihesabu), jina la chanjo, namba ya batchi (toleo la kiwandani), tarehe aliyochanjwa, tarehe ya kurudi, sahihi na muhuri. Ile stika ndogo inayobanduliwa kwenye chupa ya chanjo ibandikwe, isiandikwe tu kwa kalamu. Kadi isiyo na batchi kwetu ni karatasi. Kuna mtu aliniletea kadi yenye tarehe tatu za mwandiko mmoja na wino mmoja, kumbe aliyemchanjia alikuwa anatembea na chupa kwenye mfuko wa koti. Chanjo inakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, ikishapata joto mfukoni umechomewa maji.

Wanaosafiri na mbwa kwenda nchi za Umoja wa Ulaya nawarudia kila wiki, chipu inatangulia au inawekwa siku ileile ya chanjo, haiwezi kuja baadaye. Chanjo ya kwanza ya kichaa inahesabiwa kuwa halali baada ya siku 21. Ukitoka nchi inayodaiwa kipimo cha damu cha kuona kinga ya kichaa, damu inachukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo, kinga ifike 0.5 IU (kizio cha kimataifa) kwa mililita, halafu unasubiri miezi 3 kuanzia siku damu ilipochukuliwa. Kwa hiyo ukija kwetu una tiketi ya wiki ijayo, hakuna tunachoweza kukusaidia hata ukikasirika. Mbwa atarudishwa au atawekwa karantini kwa gharama zako.

Mbwa akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili kwa kuangalia saa, halafu hospitali siku hiyohiyo, usifunge, usipake grisi wala majani. Ratiba ya sindano za aliyeumwa imalizwe yote hata mbwa aonekane mzima, mpaka daktari wa hospitali mwenyewe aseme acha. Mbwa asiuawe na asihamishwe, anatengwa na kuangaliwa siku 10. Kwa nini 10? Kwa sababu mbwa anayetoa kirusi kwenye mate huwa anaonyesha dalili au kufa ndani ya muda huo, akibaki mzima, basi siku ile alipouma hakuwa anaambukiza. Akifa, kichwa kisipondwe wala kupigwa risasi, ubongo ndio unaopimwa. Anayemficha mbwa au kumpeleka kwa shemeji usiku anajiongezea kesi, maana karibu kila mahali sheria inamwangalia mwenye mbwa, matibabu ya aliyeumwa yanaweza kuwa juu yako, faini juu, na mbwa akachukuliwa. Kusema "alichokozwa" tutaandika kwenye fomu, ila hakusimamishi siku 10.

Siku ya zoezi la chanjo, mbwa aje na mtu mzima anayeweza kumdhibiti, siyo mtoto wa darasa la tatu anayeburuzwa. Watoto wa mbwa waje kwenye boksi, msiwaweke chini. Mbwa aliyeuma mtu ndani ya siku 10 asiletwe foleni, tupigieni tuje wenyewe. Na kwenye kadi pale palipoandikwa "aina", ukijaza "haijulikani" hatuna neno, tutagonga muhuri. Pale kwenye tarehe ya chanjo ya mwisho pakiwa wazi ndipo utakapokaa benchi kusubiri.