Posho za wabunge, dirisha la dawa na foleni ya Hazina

Kila bajeti inaposomwa, swali hili hunifikia: wabunge wakikatwa posho, dawa si zitapatikana hospitalini? Kazi yangu ni kuchambua bajeti za serikali, na jibu langu huwaudhi wengi. Fedha hizo hazitoshi, wala hazikaribii kutosha.

Chukua kisa kinachojulikana kuliko vyote. Mei 2009 gazeti la Daily Telegraph la Uingereza lilianza kuanika madai ya gharama za wabunge, siku baada ya siku. Mmoja alikuwa amedai pauni 1,645 za kibanda cha bata kinachoelea bwawani kwake (alikataliwa, lakini kudai alidai). Mwingine aliorodhesha gharama za kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba lake. Spika Michael Martin akalazimika kuachia kiti, jambo ambalo halikuwa limempata spika yeyote wa huko tangu 1695. Sir Thomas Legg akapewa kazi ya kukagua madai ya miaka ya nyuma, na mwishowe wabunge wakatakiwa kurudisha takribani pauni milioni 1.12. Ukaguzi wenyewe uligharimu pauni milioni 1.16. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Sasa zipeleke fedha hizo hospitalini. Huduma ya afya ya umma, NHS, kwa England peke yake ilikuwa ikitumia karibu pauni bilioni 100 kwa mwaka wakati huo. Zigawe kwa dakika za mwaka mzima, utapata kama pauni 190,000 kila dakika. Kwa hiyo kile walichotakiwa kurudisha wabunge kingeiendesha kwa dakika sita. Hata ungefuta gharama zao zote, za halali na za hila, zilizozidi pauni milioni 90 kwa mwaka, ungeambulia saa nane hivi.

Hata hivyo, fungu la Bunge ndilo ninalolifungua mapema. Huko naangalia tarehe kuliko kiasi.

Siku bajeti inapopitishwa, Hazina haina fedha zote mkononi. Kodi huingia kidogokidogo, na pale makusanyo yanapopungua, kila mwezi kuna mtu anayeamua nani alipwe kwanza. Riba ya deni la taifa haisubiri. Mishahara nayo haisubiri, la sivyo kuna mgomo. Posho za vikao na masurufu ya safari za wakubwa ni nadra kusubiri, kwa sababu mdai ndiye anayepitisha bajeti ya anayemlipa. Anayebaki mkiani ni yule asiye na sauti pale malipo yanapoamuliwa: aliyeleta dawa, glavu na vitendanishi vya maabara. Hakuna kikao kitakachopiga kura kusema dawa zipunguzwe. Fedha hazitolewi tu, robo ya mwaka inakwisha, na kwenye vitabu vya bajeti kasma ya dawa, yaani fungu lililotengwa kwa ajili yake, inabaki imenona vilevile.

Hapo ndipo hasara inapoanza, na haionekani kirahisi. Msambazaji aliyecheleweshewa malipo hujifunza. Zabuni ijayo anapandisha bei ili kufidia kusubiri, au anajitoa, wakabaki washindani wachache. Kasma ileile sasa inanunua maboksi machache. Mwaka mpya nao unaanza na malimbikizo ya madeni, kwa hiyo sehemu ya fedha za dawa za mwaka huu inalipia dawa zilizokwisha kumezwa.

Ndiyo maana mijadala ya asilimia hunichosha kidogo. Aprili 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi nzuri, ila kutenga si kutoa, na kutoa mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha ni karibu sawa na kutotoa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya 2010, lilikadiria kuwa kati ya asilimia 20 na 40 ya matumizi ya afya duniani hupotea kwa uendeshaji mbovu, na bei za dawa zilizo juu kuliko inavyostahili zilikuwa miongoni mwa sababu. Hakuna posho ya mbunge inayofika huko.

Kisa cha Uingereza kilizaa kitu kimoja ninachokitamani kwingine. Madai mengi ya 2009 yalikuwa yamepita ndani ya kanuni. Tatizo ni kwamba kanuni zilitungwa na walewale wanaofaidika nazo. Sheria ya mwaka huohuo ikaunda chombo huru, IPSA, kinachopanga viwango, kudai stakabadhi na kuchapisha madai ya kila mbunge.

Utaratibu huo ungehamishiwa kwenye ununuzi wa dawa: kila ankara ichapishwe pamoja na tarehe ilipopokelewa na tarehe ilipolipwa. Kisha mwandishi wa habari yeyote angeweza kuweka orodha mbili pamoja na kutuambia ni siku ngapi hupita kabla mbunge hajalipwa safari yake, na ni siku ngapi kabla muuza dawa hajalipwa dawa zake.