Pakiti Kubwa Haisafishi Muziki: Dhana Potofu Kuhusu Spika za Bluetooth

Katika maduka ya vifaa vya simu Kariakoo imeenea imani kwamba spika ya Bluetooth inayopokea pakiti kubwa, yaani mafungu makubwa ya data ya sauti yanayorushwa kutoka kwenye simu, hutoa muziki safi zaidi. Si kweli. Usafi wa muziki huamuliwa kabla pakiti haijafungwa, pale simu inapoubana kwa kodeki, yaani njia ya kubana sauti ili ichukue nafasi ndogo. Pakiti ni chombo cha kubebea tu.

Tuchukue SBC, kodeki ambayo kila spika ya muziki ya Bluetooth ya kawaida (Classic) hulazimika kuwa nayo. Katika kiwango chake cha juu kinachopendekezwa, muziki hubanwa hadi takribani kilobiti 328 kwa sekunde, na kila fremu, yaani kipande kimoja cha muziki uliobanwa, ya baiti 119 hubeba milisekunde 2.9 za wimbo. Kikomo cha pakiti kikiwa baiti 672, baiti 13 huchukuliwa na maelezo ya mwanzo, kisha huingia fremu tano. Baiti 64 zinazosalia hazitoshi fremu ya sita, nayo kwa kawaida haigawanywi, kama kreti la soda lisivyokatwa nusu ili lienee kwenye guta. Kikomo kikipandishwa hadi baiti 1,000, zitaingia fremu nane na safari zitapungua, lakini fremu ni zilezile na sikio halipati jipya.

Wapo pia wanaolaumu bando kila muziki unapopata kwikwi, hata kama wimbo umehifadhiwa ndani ya simu na hauhitaji intaneti hata kidogo.

Chanzo kikubwa cha kwikwi hizo kiko hewani. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo Wi-Fi nyingi hutumia pia, na maji yaliyo mwilini mwa binadamu huyafyonza. Pakiti ndefu hukaa hewani muda mrefu zaidi, na ikiharibika sehemu ndogo tu hurudiwa yote. Marudio yakizidi, akiba ya sauti ndani ya spika huisha na ukimya huingia. Kwa hiyo mahali penye msongamano wa mawimbi, na Kariakoo ni mahali hapo hasa, pakiti kubwa yaweza hata kuongeza kwikwi.

Nimemwonyesha hayo mteja aliyetaka kurudisha spika yake: simu ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, naye ameielekea spika, hivyo mwili wake wote ulikuwa katikati. Alipoishika simu mkononi kwikwi zilikoma, bila mpangilio wowote kuguswa.