Vidonge vya usingizi havitibu kiwewe cha vita

Familia nyingi za askari wastaafu hufika dirishani kwetu na ombi moja: tumpe mzee dawa ya kumlalisha. Usiku hapati usingizi. Akipitiwa nao anapiga kelele, mlango ukijibamiza anaruka, harusini haendi tena kwa sababu ya fataki. Wanachokuja kutafuta ni diazepamu, ambayo wengi bado huiita Valiamu. Wakiipata, mzee hulala usiku huohuo na nyumba nzima hushukuru. Ndiyo maana inakuwa vigumu kuwaeleza kwamba si dawa yake.

Ugonjwa huu wa kiwewe, ambao madaktari huuita PTSD, uliingia rasmi kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya maveterani wa Vietnam na madaktari waliowaunga mkono kupaza sauti kwa miaka. Tafiti nyingi za dawa zake zimefanyika katika hospitali za maveterani hukohuko. Lakini hauchagui bendera. Askari wa Kenya aliyenusurika kambi ya El Adde, Somalia, iliposhambuliwa Januari 2016, au Mtanzania aliyekuwa kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, iliposhambuliwa Desemba 2017, anaweza kuupata vilevile.

Mwongozo wa tiba uliotolewa mwaka 2023 na Wizara ya Ulinzi na ile ya Maveterani za Marekani unapendekeza dawa tatu: sertralini, paroksetini na venlafaksini. Mwongozo huohuo unakataza diazepamu na dawa zote za jamii yake kwa ugonjwa huu. Mwenye kiwewe anahitaji kujifunza upya kwamba mlango uliojibamiza ni mlango tu, na diazepamu humtuliza bila kumfundisha. Wataalamu wanahofia hata kwamba huzuia mafunzo hayo. Juu ya hayo mwili huizoea, kidonge kimoja kinakuwa viwili, na ikichanganywa na pombe inaweza kumzimisha mtu pumzi. Ila kama mzee wenu ameimeza kwa miezi, msimnyang'anye leo. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege. Hupunguzwa polepole, daktari akisimamia.

Dawa tatu nilizotaja ni zilezile zinazotibu sonona, na hapo wengine hununa wakidhani tumemwita baba yao mwendawazimu. Tatizo kubwa zaidi ni subira. Sertralini huanzishwa kwa miligramu 25 kwa siku, baada ya wiki hupandishwa hadi 50, na ikihitajika huongezwa taratibu, mwisho 200. Wiki za mwanzo huleta kichefuchefu, kuharisha, kichwa kuuma, pengine hata wasiwasi kuzidi. Nafuu huanza kuonekana wiki ya nne au ya sita, na uamuzi kwamba dawa imeshindwa haufanywi kabla ya wiki ya nane hivi. Katikati ya hapo ndipo wengi huitupa, wakisema imewaongezea ugonjwa.

Wanaume wana sababu nyingine ya kuitupa ambayo hawaisemi: dawa hizi zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kumaliza. Mwambie daktari. Dozi hubadilishwa, hata dawa yenyewe hubadilishwa.

Nafuu ya dawa hizi ni ya kiasi, na si kila mtu huipata. Mwongozo wa 2023 unaitanguliza tiba ya mazungumzo, ile ambayo mgonjwa huongozwa hatua kwa hatua kulikabili tukio lenyewe, na mimi nakubaliana nao. Lakini waliofunzwa tiba hiyo kwetu ni wachache, na wengi wako mijini. Anayeishi mbali nao asikose dawa eti kwa sababu si chaguo la kwanza.

Kwa majinamizi kuna prazosini, dawa ya zamani ya shinikizo la damu. Tafiti ndogo za awali zilileta matumaini makubwa, kisha mwaka 2018 utafiti wa maveterani 304 wa Marekani haukuona tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa. Hata hivyo mwongozo wa 2023 bado unaruhusu ijaribiwe kwa majinamizi. Huanza na miligramu 1 wakati wa kulala, na anayeamka usiku kwenda chooni aketi kwanza kitandani, kwani anaweza kuanguka kwa kizunguzungu.

Bangi mwongozo huo umeikataa. MDMA, dawa ya kulevya iliyovumishwa sana mitandaoni kuwa tiba, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha Agosti 2024.

Unapokwenda kliniki beba vidonge vyote vilivyomo nyumbani. Askari wastaafu wengi wana maumivu ya mgongo na magoti, na tramado, dawa ya maumivu, ikimezwa pamoja na sertralini inaweza kusababisha homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Diklofenaki au ibuprofeni pamoja nayo huongeza hatari ya tumbo kuvuja damu. Venlafaksini inaweza kupandisha presha, hivyo ipimwe. Kijana wa chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, na yeyote akianza kuzungumzia kujiua apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.

Aliyepata nafuu huendelea na dawa kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka, ndipo daktari aanze kuipunguza. Akiruka siku mbili tatu za paroksetini au venlafaksini anaweza kupata kizunguzungu na kuhisi kama shoti ya umeme kichwani. Hiyo ni dawa iliyokatishwa ghafla, si ugonjwa mpya.