Adui wa kwanza wa helikopta ni vumbi

Helikopta ya jeshi ikipita juu ya Eastleigh, Nairobi, utasikia watu wakisema mazoezi ya wanajeshi kabla ya kutumwa nje ya nchi ni kulenga shabaha tu. Si kweli. Kwenye nchi kame kama Somalia, ambako wanajeshi wa Kenya waliingia Oktoba 2011, vumbi peke yake laweza kuangusha helikopta. Rafadha, yaani mapanga yake yanayozunguka, zikikaribia ardhi hulitimua hadi rubani haoni kitu. Hudhani ametulia hewani kumbe anateleza kando. Hapo mwenzake aliye mlangoni huchungulia chini na kumtajia kimo: “Futi kumi… tano… unaenda kushoto!” Kuiamini sauti hiyo kuliko hisia zako huchukua mazoezi mengi, tena mengi mno. Askari wa miguu nao hufundishwa kutopita mkiani, kwenye rafadha ndogo inayozunguka kasi hata isionekane.