Kwa nini mashine ya kadi ya Dubai inakuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi?

Mama mdogo anauza vitenge na mashuka Mwanga, hapa Kigoma. Aliporudi kutoka Dubai alinitolea risiti iliyokunjwa mara nne, juu imeandikwa dirham, chini shilingi. "Mwanangu, mbona hesabu haikai?" Dukani Deira, mtaa wa biashara huko Dubai, mashine ilikuwa imemuuliza kama alipe kwa AED, yaani dirham ya huko, au kwa TZS, yaani shilingi yetu. Akabonyeza TZS, kwa kuwa shilingi ndiyo anayoijua. Hapo ndipo fedha yake ilipovujia.

Ukitaka kuelewa, nenda Kibirizi asubuhi boti za Burundi na Kongo zinapopakia. Mbadilisha fedha hakutozi ada yoyote. Ananunua faranga kwa bei ya chini, anaiuza kwa bei ya juu, na pengo la katikati ndilo chakula chake. Mfanyabiashara wa Kigoma analijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana anauliza kwa watu watatu kabla ya kufungua pochi. Kadi nayo ina mbadilisha fedha wake, ila huyu humwoni.

Ukichagua dirham, hesabu inafanywa na mtandao wa kadi yako, Visa au Mastercard, kwa kiwango chake cha siku, ambacho kwa kawaida hakiko mbali na bei ya soko. Kisha benki yako inaongeza asilimia yake, mara nyingi kati ya 1 na 3. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni upande wa yule mwenye mashine. Anapanga kiwango chake mwenyewe, na mara nyingi duka linapata mgawo. Tuseme dirham moja ni shilingi 700 na umenunua mzigo wa dirham 1,000. Hiyo ni shilingi 700,000. Benki ikiongeza asilimia 3, unatoa 21,000 za ziada. Mwenye mashine akiongeza asilimia 7, ni 49,000. Zidisha kwa maduka sita ya siku moja. Tena zipo benki zinazokata asilimia yao hata ukilipa kwa shilingi, kwa sababu tu duka liko nje ya nchi.

Sheria za mitandao hiyo zinataka mteja achague mwenyewe. Kwa hiyo muuzaji akikubonyezea, mzuie, mwambie afute aanze upya. Una haki hiyo kabisa.

Sasa, kadi ipi? Wengi wetu tunaangalia ada ya mwaka, na nadhani tunaangalia pasipo na uzito. Kadi isiyo na ada lakini inayokata asilimia 3 kwa kila muamala wa nje itamgharimu mtu wa mizigo zaidi kuliko yenye ada ndogo na makato ya asilimia 1. Ingia tawini uulize waziwazi: mnaongeza asilimia ngapi nikilipa nje, na mnakata kiasi gani nikitoa fedha kwenye ATM ya huko? Usiridhike na jibu la "makato ya kawaida". Omba karatasi ya viwango.

Anayekwenda Dubai mara kwa mara afikirie kadi ya akaunti ya dola. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725, kwa hiyo bei haikurukii ukiwa safarini. Faida hiyo inabaki kama dola unazo tayari. Ukizinunua kwa bei mbaya, umehamisha hasara tu.

Kadi ya mkopo ni nzuri kulipia dukani ikiwa utamaliza deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, maana kwa kawaida riba haijaanza. Ila usiitolee fedha taslimu kwenye ATM. Hapo kuna ada ya kutoa, na riba huanza siku ileile. Hoteli nayo inaweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana, kikarudi baada ya siku kadhaa, kwa hiyo usiipeleke kadi ikiwa na salio la kubana.

Na hakikisha benki imeifungua kadi kwa matumizi ya nje kabla hujaondoka Kigoma. Mama mdogo anaondoka tena mwezi ujao. Nyuma ya kadi yake amebandika kipande cha plasta, ameandika kwa kalamu herufi tatu: AED.