Laki mbili za daktari, tuzihesabu kwa saa

Mwaka wangu wa unagenzi wa udaktari hospitalini ulipoanza, mjomba alinipangia mchango wa Sh20,000 kwenye harambee ya karo ya binamu yangu bila hata kuniuliza. Mweka hazina alisoma jina langu kwa sauti, watu wakapiga makofi, nami nikabaki nimeshika simu yenye Sh640 kwenye M-Pesa. Mshahara wangu wa kwanza ulichukua miezi minne kufika. Dada yangu ndiye aliyekuwa akinilipia chumba. Nilipomweleza mjomba, alicheka hadi machozi yakamtoka. "Wewe? Si nyinyi mnalipwa laki mbili?"

Ni kweli. Mkataba wa pamoja wa madaktari na serikali (CBA) wa mwaka 2017, uliozaliwa na mgomo wa siku 100 ulioanza Desemba 2016, ulimpa daktari mwanagenzi Sh206,400 kwa mwezi. Ukiiweka hiyo kando ya kima cha chini cha kibarua wa Nairobi, kilichowekwa Novemba 2024 kuwa Sh16,113 na senti kadhaa, daktari anaonekana mfalme. Ukiiweka kando ya mshahara wa mbunge, unaopita Sh700,000 kabla ya marupurupu, anaonekana maskini. Kwa hiyo kila anayebishana huchagua jirani wa kumlinganisha naye, na kila mtu anashinda. Mimi naona tuanze na kinachofika mkononi, kisha tukigawe kwa saa.

Makato kwanza. Nikitumia viwango vya 2025, bima ya afya ya SHIF inachukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, akiba ya uzeeni ya NSSF Sh4,320, kisha kodi ya mapato inabeba takriban Sh50,000. Zinabaki Sh143,000 hivi. Hizo si pesa kidogo Kenya hii, na daktari anayekwambia ni kidogo anakudanganya. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi, mwenye digrii yake kamili, amekuwa akipewa Sh20,000. Nikikaa naye meza moja nikaanza kulia, ana haki ya kuniachia bili ya chai.

Sasa saa. Nina daftari dogo la jalada la bluu nililoandika zamu zangu nilipokuwa idara ya upasuaji, maana nilitaka kujua nachoka kwa sababu gani. Wiki moja ya kawaida, wala si ile mbaya kabisa, ilifika saa 84. Niliingia Jumamosi saa mbili asubuhi nikatoka Jumapili jioni. Humo ndani mna mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono unaotetemeka: "Saa nane usiku, damu imekwisha benki, nimetumwa hospitali nyingine na ambulensi." Nilirudi na mifuko miwili ya damu mapajani, imefungwa kwa leso yangu isiteleze. Mgonjwa alipona. Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye mzunguko wa wodi nikiulizwa kiwango cha potasiamu cha mgonjwa wa kitanda cha 11.

Saa 84 kwa wiki ni kama saa 364 kwa mwezi. Gawa Sh206,400 unapata Sh567 kwa saa. Gawa kile kinachofika mkononi unapata Sh393.

Hebu tuje mwaka 2024. Tume ya mishahara, SRC, ilipendekeza mwanagenzi alipwe Sh70,000 kwa mwezi, na serikali ikashikilia hapo ikisema hazina haiwezi. Rais Ruto naye akahimiza nchi iishi kwa kadiri ya uwezo wake. KMPDU, chama chetu cha madaktari, kikaitisha mgomo uliodumu siku 56 hadi tarehe 8 Mei, na suala hili la wanagenzi likaachwa likining'inia hata baada ya wengine kurudi kazini. Gawa hizo Sh70,000 kwa saa zangu 364: Sh192, kabla ya makato. Fundi aliyemjengea mama jiko hutoza Sh1,500 kwa siku ya saa nane, sawa na Sh187.50 kwa saa. Sisemi fundi anazidishiwa. Ukuta wake umenyooka kuliko maandishi yangu, na mvua ikinyesha wiki nzima halipwi chochote. Nasema tu kwamba mwenye miaka sita ya chuo, anayetia sahihi cheti cha kifo usiku, alikuwa amewekwa bega kwa bega na kibarua cha mchana.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya neno moja. Serikali iliita malipo hayo posho, kwa hoja kwamba mwanagenzi bado anajifunza. Madaktari wakayaita mshahara. Kweli anajifunza, na bila mwaka huo baraza la madaktari, KMPDC, halimsajili. Lakini muondoe mwanagenzi wodini wikendi moja uone nani atatoa damu, nani ataandika dawa, nani atamshikia mpasuaji vifaa saa tisa usiku. Mwishoni mwa Desemba 2024 serikali na chama walitia sahihi kurudi kwenye Sh206,400.

Waingereza walipitia mchezo huuhuu wa ulinganisho mwaka 2023. Chama chao cha madaktari, BMA, kilitangaza kwamba daktari mchanga analipwa pauni 14.09 kwa saa huku mkahawa wa Pret a Manger ukilipa hadi 14.10. Tangazo liliuma, lakini lilikuwa na ujanja: 14.09 ilikuwa mshahara wa msingi wa daktari wa mwaka wa kwanza bila nyongeza za usiku na wikendi, na 14.10 ilikuwa kima cha juu kabisa cha mhudumu wa kahawa. Hata hivyo kule saa za usiku zina bei yake, na wenzangu waliohamia huko hunitumia picha za hati zao za mshahara zenye mstari wa kila saa ya ziada. Nazitazama kama mtu anavyotazama ramani ya nchi asiyoijua.

Mjomba nilimwonyesha daftari mwaka jana, sikukuu ya Krismasi. Alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, akasimama kwenye ule wa damu. "Na hizi saa za usiku, hawakuongezi?" Nikamweleza kwamba posho ya dharura ni moja kwa mwezi, uamshwe mara moja au mara kumi na tano. Akanyamaza kidogo. Kisha akakunja miwani yake na kuniuliza kama nimeshatuma ya harambee ya Jumamosi.